Mzee asingoje kuanguka: tujifunze tai chi

Ukiingia msikitini siku hizi, hesabu viti. Wazee wetu wengi wanaswali wamekaa, na si kwamba wote ni wagonjwa. Magoti yamekaza, na kuna hofu ya kuyumba wakati wa kuinuka kutoka kwenye sijida. Nyumbani nako, mama zetu wanashuka ngazi za Mji wa Kale wakipapasa ukuta. Siku mkono ukikosa ukuta, nyonga huvunjika, na mtu aliyekuwa akijipikia mwenyewe anakuwa wa kugeuzwa kitandani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi ni wa zaidi ya miaka 60.

Ndiyo maana leo nazungumzia tai chi, yale mazoezi ya Wachina ambayo vijana huyacheka kwenye simu kwa kuwa yanakwenda mwendo wa kobe. Wasilolijua ni kwamba jina kamili ni taijiquan, na hiyo "quan" maana yake ni ngumi. Ni sanaa ya kupigana iliyokuzwa na ukoo wa Chen katika mkoa wa Henan, karne ya 17. Mwaka 1956 serikali ya China iliyafupisha yakawa mikao 24 ili raia wa kawaida ayaweze, na wanafunzi wengi wapya huanzia hapo.

Kazi yenyewe iko miguuni. Unasimama magoti yamelegea kidogo. Unahamishia uzito wote mguu wa kushoto, taratibu, mpaka wa kulia unabaki mtupu. Hapo ndipo unapouinua na kuuweka mbele, kisigino kwanza, bila kuutupa. Kisha uzito unaufuata. Ukienda haraka utaona ni mchezo, kwa sababu mwendo wenyewe unakubeba. Ukienda polepole, mapaja hutetemeka. Mimi sijafika hamsini, na siku ya kwanza dakika kumi zilinishinda.

Mtu akijikwaa, kinachomwangusha mara nyingi ni mguu wa pili kuchelewa kufika kumwokoa. Mguu huo ndio unaofunzwa hapa, pamoja na vifundo na kiuno.

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Oregon, Marekani, kwa watu 195 wenye maradhi ya Parkinson, yale ya kutetemeka. Walifanya mazoezi saa nzima, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Kundi la tai chi lilisimama imara kuliko kundi la kuinua uzito na kuliko la kujinyoosha viungo, na lilianguka mara chache kuliko hilo la kujinyoosha.

Wako wanaouliza: hii si ibada ya watu? Jina na fikra zake zinatokana na falsafa ya Kichina, hilo silifichi. Lakini kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule hakukutaki uamini chochote. Mwalimu akikuambia uinamie picha, chukua viatu vyako uondoke. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Nikumbushe tu kwamba Waislamu wa China wana historia ndefu katika sanaa za kupigana. Wang Ziping, bingwa mashuhuri wa karne iliyopita, alikuwa Muislamu wa kabila la Hui.

Anza baada ya Alfajiri, jua halijakuwa kali, kiti kizito kikiwa karibu mkono usije ukakosa pa kushika. Pumua kwa pua, usibane pumzi. Simu iache ndani. Kwa wengi wetu huo peke yake ni mtihani. Kinamama hawahitaji uwanja wala nguo maalumu: ukumbi unatosha na dira inatosha, bora isiburute chini. Mwenye sukari aliyeanza kufa ganzi nyayo, au mwenye presha inayomtia kizunguzungu, amuone daktari kwanza, na siku za mwanzo asifanye akiwa peke yake.