Tani 82 zilirudi Goma: mchimbaji alipata nini?

Ndugu wachimbaji wa Masisi na Walikale, mnakumbuka mwezi wa Novemba 2011? Rwanda ilirudishia Kongo tani 82 za mawe: kasiterite, koltani na wolframu. Polisi wa kule waliyakamata juu yalivuka mpaka kwa magendo. Ukiyapima kwa mifuko ya kilo 50, ni mifuko 1.640.

Juu gani mawe mengi vile yalipita njia za panya? Septemba 2010 Rais Kabila alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, juu ya watu wa silaha waliokuwa wanakula humo. Kazi ikafunguliwa Machi 2011. Lakini kufika Aprili, viwanda vikubwa vya ng'ambo vikaanza kukataa mawe yasiyo na etiketi. Rwanda walikuwa nazo tayari. Huku kwetu hapana: Rubaya ilizipata paka mwaka 2014. Mwenye kutafuta soko akavusha.

Tufuate mfuko mmoja wa wakati ule. Bisie, kule Walikale, mmoja anachimba, mwingine anabeba kwa mgongo siku mbili porini mpaka Njingala. Gari inaupeleka Kilambo, fasi ndege zilitua juu ya barabara, halafu Goma. Kwa kila barrière, franga. Na mara nyingi negosia amekwisha kukopesha chakula na vyombo. Mchimbaji analipa kwa mawe. Mzigo ukikamatwa ng'ambo, negosia hana tena kitu cha kuleta. Hasara inashuka mpaka shimoni, inaingia jikoni kwa mama.

Tani zile zilikabidhiwa serikali. Kati ya wachimbaji, nani angeweza kuonyesha mfuko na kusema: huu njo wangu?

Ulizo hili halijazeeka. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba koltani yake inavushwa Rwanda na kuchanganywa na ya kule. Ikisha kuchanganywa, jina la Masisi linapotea.

Kwa hiyo, ndugu, hata kwa daftari ya mtoto wa shule: andikeni tarehe, shimo, kilo, bei na mnunuzi. Daftari haitafukuza bunduki. Lakini siku ya kudai haki, asiye na andiko ataulizwa aonyeshe nini?