Baada ya Makofi, Nani Atabaki na Spana?

Mwezi Juni 2007, Arusha ilikuwa mwenyeji wa TEDGlobal, mkutano wa hotuba fupi za kutia moyo ambao mara hiyo ulijikita katika mustakabali wa Afrika. Miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwamo William Kamkwamba, kijana wa miaka 19 kutoka wilaya ya Kasungu, Malawi. Alikuwa ameunda mtambo wa upepo wa kufua umeme kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, shokapu na mabomba ya plastiki, akausimika juu ya mnara wa miti ya mikaratusi, na taa zikawaka nyumbani kwao. Alizungumza kwa dakika chache tu, kwa Kiingereza cha kujikongoja, na ukumbi ukamshangilia. Tangu hapo simulizi yake imekuwa kitabu (2009) na filamu (2019), na hurudiwa karibu kila panapozungumzwa ubunifu wa watu maskini. Inastahili kurudiwa. Tatizo ni kwamba wasimuliaji wengi huishia kwenye mtambo, wakati funzo lake kubwa liko kwingine.

Kamkwamba hakuacha shule kwa kupenda. Njaa ya 2001 na 2002 iliiacha familia yake bila mavuno, na ada ya sekondari ikashindikana. Kilichomwokoa ni maktaba ndogo katika Shule ya Msingi Wimbe, yenye vitabu vya msaada, ambako alikuta kitabu cha sayansi kuhusu nishati na kukifuatilia zaidi kwa michoro kuliko kwa maneno. Baada ya hotuba ya Arusha, wahisani walimlipia masomo, akaendelea hadi kuhitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2014. Ukiipanga simulizi hiyo kwa chanzo na matokeo, utaona kipaji kilichokaribia kupotea kwa kukosa ada, kikashikiliwa na rafu ya vitabu. Vijiji vyenye vijana wa akili kama yake ni vingi, na vijiji vyenye maktaba ni vichache. Ndiyo maana hoja ya makala haya ni hii: hotuba za kutia moyo hutuonyesha kifaa na shujaa, lakini kinachozitoa nchi maskini kwenye dhiki ni huduma inayoendelea kila siku, yaani vitabu, mafunzo, spea, upimaji na mishahara ya wanaofanya kazi hiyo. Tuzipime hotuba hizo kwa kipimo hicho.

Jukwaa lenyewe lina mipaka. Dakika 18, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha hotuba za TED, zinatosha kuonyesha kifaa kipya na kueleza ndoto yake. Hazitoshi kueleza nani ataagiza beringi itakapokatika mwaka wa tatu. PlayPump, bembea ya kuzunguka iliyobuniwa Afrika Kusini, ilikuwa na kila kitu cha kuvutia ukumbi: watoto wanacheza, bembea inazunguka, maji yanapanda kwenye tangi. Ilipata tuzo ya Benki ya Dunia mwaka 2000, na mwaka 2006 huko New York Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wakati huo, alitangaza ahadi ya dola milioni 16.4, huku lengo likiwa kufunga pampu 4,000 Afrika kufikia 2010. Kisha mambo yakaonekana kwa karibu. Kifaa kimoja kiligharimu mara kadhaa ya pampu ya kawaida ya mkono. Watoto wasipokuwapo, wanawake ndio waliosukuma bembea hiyo ili wajaze ndoo zao, wengine kwa aibu na kwa maumivu ya mgongo. Kikiharibika, kijiji hakikuwa na spea wala fundi. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu kwamba ili pampu moja ihudumie watu 2,500 kama ilivyokusudiwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa na mwalimu yeyote wa shule ya msingi kabla ya dola ya kwanza kutoka.

Kompyuta mpakato ya dola 100 ilipita njia hiyohiyo. Mwasisi wa mradi wake, Nicholas Negroponte, aliinadi kwenye majukwaa makubwa tangu 2005, akiahidi kwamba mtoto akipewa kompyuta atajifunza mwenyewe. Peru iliamini na kununua mamia ya maelfu. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walipolinganisha shule zilizopata na zisizopata, matokeo yao ya 2012 hayakuonyesha maendeleo yoyote ya maana katika hesabu na lugha. Watoto walijua zaidi kutumia kompyuta, basi. Walimu hawakuandaliwa vya kutosha, na intaneti katika shule nyingi za vijijini haikuwapo. Kifaa kilifika kabla ya huduma inayokipa maana.

Sasa tuangalie ubunifu ambao haukuwa na kifaa hata kimoja. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi za wakimbizi mpakani mwa India. Huko Bangaon, dripu zilipoisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi, tiba iliyokuwa imeshafanyiwa utafiti Dhaka lakini haikuwa imeaminiwa nje ya hospitali. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Hapo pangefaa makofi, lakini kazi ngumu ilikuwa bado haijaanza. Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoasisiwa na Fazle Hasan Abed, lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kati ya 1980 na 1990, likafikia kaya zaidi ya milioni 12. Somo lilikuwa rahisi kushika: nusu lita ya maji, konzi moja ya sukari guru, chumvi ya kuchota kwa ncha za vidole vitatu. Wakaguzi walirudi baadaye kuwauliza akina mama wanakumbuka nini, na malipo ya mwalimu yalitegemea majibu yao. Mwanzoni walibaini kwamba akina mama waliijua tiba lakini wachache mno waliitumia. Wakachunguza, wakagundua kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini na kwamba wanaume walikuwa wamewekwa kando. Wakabadilisha mafunzo, wakaenda hadi misikitini na sokoni. Hakuna hotuba inayoweza kubeba miaka 10 ya kazi kama hiyo, ila miaka hiyo ndiyo iliyookoa watoto.

Atajitokeza mtu aseme kwamba M-Pesa inapinga hoja hii: teknolojia mpya ilikuja Kenya, ikabadili maisha. Ni kweli ilibadili. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba huduma za pesa kwa simu ziliziondoa takriban kaya 194,000 za Kenya katika umaskini. Lakini tuitazame ilivyofika hapo. Majaribio yalianza 2005 kwa lengo la kurejesha mikopo midogo. Wateja wakaipa kazi nyingine, kutumiana pesa, na waendeshaji wakawa wasikivu wa kutosha kuwafuata kabla ya kuizindua rasmi Machi 2007. Benki Kuu ya Kenya ilikubali kuiangalia ikikua badala ya kuizima. Na kwenye kila kituo cha basi akawekwa wakala mwenye daftari, floti na pesa taslimu, anayelipwa kamisheni. Bila wakala huyo, ujumbe wa simu ungebaki ujumbe tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: watu wanahitaji matumaini, na anayedai ushahidi kila mara huwakatisha tamaa wabunifu. Matumaini yana thamani, na Kamkwamba mwenyewe ni ushahidi. Hotuba ya TED ya profesa wa afya Hans Rosling ya 2006 nayo iliwafumbua wengi macho waliodhani nchi maskini zimekwama milele, kwa kuwaonyesha vifo vya watoto vikishuka na familia zikipungua ukubwa. Ila nguvu ya hotuba hiyo ilitokana na takwimu zilizokusanywa kwa miaka mingi na makarani wa sensa na wauguzi wa zahanati. Ushahidi ndio uliozaa matumaini yake. Wala kudai ushahidi hakumnyimi mbunifu haki ya kukosea. BRAC walikosea, wakajua mapema kwa sababu walipima, wakarekebisha. Kinachokatisha tamaa ni kijiji kuondolewa pampu iliyokuwa ikifanya kazi ili kipewe ya maajabu, kisha kibaki bila zote mbili.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Tathmini za miaka ya 2010 nchini Tanzania zilionyesha kwamba karibu vituo vinne kati ya kila kumi vya maji vijijini havikuwa vikitoa maji. Vilikuwa vimechimbwa na kuzinduliwa, riboni zikakatwa. Kilichokosekana ni mapato ya kununua spea, fundi wa karibu na kamati inayowajibika, na ndiyo sababu kuundwa kwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, mwaka 2019 kulitazamwa kama hatua muhimu: huduma ilipata mwenye kuulizwa. Basi mzungumzaji atakayekuja na kifaa kipya asikilizwe kwa heshima, kisha aulizwe: nani atakitengeneza, kwa fedha ya nani, na waliokitumia miaka mitano wanasemaje? Waandaaji wa mikutano nao wawape nafasi fundi pampu, mhudumu wa afya na mwalimu waeleze kilichodumu na kilichokufa. Wafadhili na serikali watenge bajeti ya matengenezo siku ileile wanayotenga ya uzinduzi. Nchi maskini hazijawahi kupungukiwa na watu wenye mawazo. Zimepungukiwa na utaratibu wa kuyatunza, na huo unajengwa kwa bajeti, kwa mafunzo na kwa uwajibikaji wa kila mwaka.