Nakala ya Mtu Mmoja: Matumizi ya Viungo Vilivyochapishwa katika Ufundishaji wa Anatomia

1.0 Utangulizi

Ufundishaji wa anatomia katika vyuo vya tiba umejengwa kwa muda mrefu juu ya mwili wa maiti. Mwanafunzi hupewa kisu na koleo, akaongozwa kufunua ngozi, misuli, mishipa na neva, tabaka baada ya tabaka. Pale ambapo maiti hazikutosha, vyuo viliegemea vielelezo vya kutengenezwa kwa mkono. Jumba la La Specola mjini Florence, lililofunguliwa mwaka 1775, lilijulikana kwa viungo vyake vya nta. Na katika Ufaransa ya karne ya 19, daktari Louis Auzoux alitengeneza miili ya karatasi iliyosagwa na kugandishwa, ambayo vipande vyake viliweza kutenganishwa na kuunganishwa tena. Katika miaka ya karibuni kimeongezeka kitu cha aina nyingine, nacho ni kiungo kinachochapishwa na mashine kutokana na picha za mwili halisi.

Makala haya yanaeleza namna viungo hivyo vinavyopatikana, vinachofundisha vizuri na mahali vinaposhindwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kiungo kilichochapishwa hakipaswi kuhesabiwa kuwa kielelezo tu kilichoboreshwa. Auzoux alitengeneza moyo usio wa mtu yeyote: moyo wa wastani, uliosawazishwa na jicho la fundi. Mashine huchapisha moyo wa mtu fulani aliyeishi. Ndiyo maana hapa chini linatumika neno “nakala”. Faida na kasoro za nakala hiyo, pamoja na deni lake la kimaadili, hutokana na asili yake hiyo.

2.0 Kutoka mwilini hadi kwenye nakala

Kazi huanza kwa skani ya CT, ambayo huonesha jinsi kila sehemu ya mwili inavyozuia mionzi ya eksirei. Katika skeli ya Hounsfield, maji hupewa thamani ya 0, hewa -1000, na mfupa mgumu mamia kadhaa hadi kupita 1000. Picha hupatikana katika vipande vyembamba, mara nyingi visivyozidi milimita 1. Kwa kutumia programu kama 3D Slicer, ambayo hutolewa bure, mtaalamu hutenga kiungo anachokitaka na kukigeuza kuwa umbo ambalo mashine ya kuchapia inaweza kulisoma.

Kwa mfupa, utengaji huu ni rahisi kwa kuwa mfupa hujitokeza wazi dhidi ya tishu laini. Ugumu uko kwenye misuli, neva na mishipa ya damu, ambayo thamani zake hukaribiana mno. Bila dawa ya kung’arisha mishipa, programu haiwezi kuamua peke yake neva inaishia wapi na misuli inaanzia wapi. Mtu ndiye huchora mpaka kwa mkono, kipande kwa kipande. Kwa hiyo nakala hubeba pia uamuzi wa aliyeichora, na asiyejua anatomia hawezi kuichora vizuri hata akiwa bingwa wa kompyuta.

Hata mfupa una mitego yake. Ukuta wa ndani wa tundu la jicho ni mwembamba kama karatasi. Mara nyingi skani hushindwa kuushika wote, na nakala ya fuvu hutoka na matundu ambayo hayakuwamo katika fuvu lenyewe. Mwanafunzi asiyeonywa atatafuta jina la tundu hilo katika kitabu, na hatalipata.

Kuhusu uchapaji wenyewe hakuna haja ya kusema mengi. Mashine za bei nafuu huyeyusha uzi wa plastiki kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Pingili moja ya uti wa mgongo huweza kuchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi kazi huanza upya. Mashine za gharama kubwa zaidi hugandisha unga kwa gundi yenye rangi. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyoipa sifa timu ya Paul McMenamin katika Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, ambayo mwaka 2014 ilieleza jinsi ilivyochapisha viungo vya rangi kutokana na sampuli zilizokuwa tayari zimepasuliwa na wataalamu.

3.0 Ushahidi wa darasani

Utafiti unaotajwa mara nyingi katika uwanja huu ulitoka Monash na kuchapishwa mwaka 2016. Wanafunzi 52 wa mwaka wa kwanza wa udaktari waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu, wajifunze wenyewe anatomia ya nje ya moyo: kundi la kwanza kwa sampuli za maiti, la pili kwa nakala zilizochapishwa, la tatu kwa zote mbili. Katika mtihani wa baadaye, kundi la nakala lilipata wastani wa 60.83%, kundi la maiti 44.81%, na kundi la mchanganyiko 44.62%.

Takwimu hizi zimenukuliwa mara nyingi kama ushindi wa plastiki dhidi ya maiti. Usomaji huo ni wa haraka. Kinachostahili kuulizwa kwanza ni kwa nini waliopewa vyote viwili hawakuwapita waliopewa maiti peke yake. Kama nakala zingekuwa na nguvu ya kufundisha kwa namna yoyote ile, kuziongeza kando ya maiti kungepaswa kusaidia. Maelezo yanayoelekea kukubalika ni kwamba katika moyo wa maiti ateri za koronari hufunikwa na mafuta na rangi zake hufifia kwa dawa za kuhifadhia, ilhali katika nakala mishipa hiyo imekwisha kusafishwa na kupakwa rangi. Mwanafunzi anayejifunza bila mwalimu hutumia muda mwingi kutafuta kwenye maiti kile ambacho nakala humpa papo hapo. Tena wapo wanaositasita kushika kiungo cha binadamu, na kusitasita huko hula muda.

Kwa maneno mengine, nakala ilifaulu kwa kuwa kazi ya kutafuta ilikuwa imefanywa na mtu mwingine. Kwa mada ya umbo na mahusiano ya sehemu, hilo ni jema, na ni sababu ya kutosha ya kuziweka nakala mikononi mwa wanafunzi. Lakini daktari wa upasuaji hatakutana na ateri iliyosafishwa. Ustadi wa kuitafuta ndani ya mafuta, kutambua kwa kidole tofauti ya mshipa na neva, na kujua nguvu kiasi gani hupasua tishu, haumo katika plastiki. Jaribio la wanafunzi 52 juu ya sehemu ya nje ya kiungo kimoja halikukusudiwa kupima ustadi huo.

4.0 Moyo wa nani?

Kasoro inayotajwa kwa nadra zaidi inahusu tofauti za maumbile. Katika watu wengi, ateri inayoshuka nyuma ya moyo hutokana na ateri ya koronari ya kulia. Katika takriban mtu mmoja kati ya kumi hutokana na ile ya kushoto. Figo nazo: takriban mtu mmoja kati ya wanne ana ateri ya ziada ya figo, jambo ambalo daktari anayeondoa figo kwa ajili ya kupandikiza hawezi kumudu kulisahau. Chumba chenye maiti kumi humwonesha mwanafunzi tofauti kama hizi bila mtu kuzipanga, kwa kuwa meza ya jirani ina mwili usiofanana na wake. Chumba chenye nakala mia za moyo mmoja humwonesha mtu yule yule mara mia. Chuo kinachonunua seti moja kwa sababu ni nafuu kinapaswa kujua kuwa pamoja nayo kimenunua maumbile ya mtu mmoja na kuyafanya kanuni. Dawa yake ipo, nayo ni kuchapisha miili tofauti kwa makusudi, ikiwemo ile ambayo mtengenezaji wa kibiashara angeiacha kwa kuwa “si ya kawaida”.

Hapo ndipo swali la ridhaa linapoingia. Sheria ya Anatomia ya Uingereza ya 1832 iliruhusu miili ambayo ndugu hawakuidai, mingi ikitoka katika nyumba za maskini, itumike kufundishia. Katika nchi nyingi za Afrika maiti zisizodaiwa zingali chanzo kikuu cha miili ya mafunzo. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Anatomia, katika mapendekezo yake ya mwaka 2012, lilitaka mtoaji atoe ridhaa kwa maandishi na miili isifanyiwe biashara.

Nakala hulifanya tatizo hili kuwa zito zaidi. Maiti hutumika katika chuo kimoja, kisha huzikwa au kuchomwa. Jalada la kompyuta hubaki, huweza kutumwa nchi nyingine kwa dakika chache, na kiungo kilichochapwa humo huweza kuuzwa. Hata mtu aliyeutoa mwili wake kwa hiari hajulikani kama alifikiria hilo, ikiwa fomu aliyotia saini haikulitaja. Kwa maiti isiyodaiwa hakuna hata fomu ya kurejelea. Kwa maoni ya mwandishi, miili ya aina hiyo isiskaniwe kwa ajili ya uchapaji, hata pale ambapo sheria ya nchi inaruhusu ipasuliwe, na fomu za wanaojitolea ziwe na kipengele cha pekee kuhusu skani, nakala na mauzo.

Ipo njia nyingine ambayo hospitali za kufundishia tayari zinayo mikononi. Kila siku wagonjwa hufanyiwa skani ya CT kwa sababu za matibabu, wengine kwa dawa ya kung’arisha mishipa, ambayo hurahisisha utengaji ulioelezwa katika sehemu ya 2.0. Miongoni mwao wamo wenye ateri mbili za figo na wenye moyo unaolishwa kutoka kushoto. Tofauti na maiti isiyodaiwa, hawa wanaweza kuulizwa, kwa lugha wanayoielewa, na wanaweza kukataa.