Je, Wajua? Jeki ya lori na boti ya uvuvi

Lori la kabichi likipata pancha kwenye kona za milimani kule Mlola, utingo hutia jiwe nyuma ya gurudumu, kisha jeki ya mafuta chini ya ekseli. Anapampu kwa mkono mmoja, tani zinapanda! Kanuni ni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa, hivyo pistoni nyembamba husukuma mafuta na ile pana hubeba mzigo.

Jeki ya namna hiyo hufungwa pia kwenye boti za uvuvi za alumini, kati ya tezi (sehemu ya nyuma ya boti) na mashine inayoisukuma boti. Maji yakipungua, huinua mashine wima. Pangaboi hukwepa mwamba huku likiendelea kusukuma. Bila jeki, mashine iliyoinamishwa kwa mkono hupoteza msukumo. Ila jeki husogeza uzito nyuma, kwa hiyo tezi ya bati jembamba iimarishwe kwanza.