Zuio la Mahkama: Mti na Karafuu Si Jambo Moja

Ndugu wanachama, kila karafuu zinapokaribia kuchumwa, ofisi yetu hupata wageni wa namna mbili. Wa kwanza huja kuuliza khabari za majamvi na magunia. Wa pili huja na ugomvi: shamba la mirathi, mpaka uliosogezwa, au ndugu aliyekodisha mikarafuu ya wote kwa jina lake peke yake. Hawa wa pili karibu wote husema neno moja: "Nataka zuio."

Zuio tunalolisema ni amri ya muda. Mahkama humkataza mtu kufanya jambo fulani mpaka kesi yenyewe isikilizwe na ikatwe. Halimpi mtu shamba. Kazi yake ni kuyashika mambo yakae yalivyo, ili siku ya hukumu kiwepo bado kile kinachogombewa.

Msimu mmoja alitujia mwenzetu mwenye malalamiko mawili. Mtoto wa ami yake alikuwa ametia wachumaji katika shamba lenye mzozo, na zaidi ya hayo ameleta watu wa misumeno waangushe mikarafuu ya ukingoni apate kiwanja cha nyumba. Mwenzetu alililia karafuu tangu kuingia. Habari ya miti aliitaja mwisho, ameshasimama kwenda zake. Tukamketisha tena, kwani kesi yake alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu.

Karafuu zilizochumwa huhesabika. Mbichi hupimwa kwa pishi, kavu kwa kilo, na bei ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hujulikana kwa kila daraja. Mdai akishinda, mahkama itamwamuru mdaiwa alipe kilo kadha kwa bei kadha, na yamekwisha. Khasara hiyo inafidika, na kwa khasara inayofidika mahkama huwa nzito kutoa zuio. Tena karafuu hazingoji majaji. Zikipitiwa na siku mtini huchanua, na iliyochanua haina thamani yake. Kuzuia uchumaji kwaweza kuwakhasirisha wote wawili. Lililo bora ni kuiomba mahkama iamuru zichumwe, zianikwe, ziuzwe, na fedha ziwekwe mahkamani au kwa mwaminifu hadi hukumu.

Mti ni habari nyingine. Mkarafuu hukaa miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, na yapata 15 au 20 kabla ya kuzaa kwa ukamilifu. Ukitunzwa humzika aliyeupanda. Wazee wa Unguja waliyajua haya Aprili 1872, tufani ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Tufani haishitakiwi, lakini mwenye msumeno hushitakiwa. Bei ya mti yaweza kulipwa, ila miaka ya mti nani atairudisha? Mahkama ikisema "madhara yasiyofidika", ni kama hayo.

Kuna na hili la kati, ambalo wengi hawaliwazi: matawi. Mkodi ambaye mti si wake, na muda wake unakwisha, huchuma kwa kuvunja, na mti uliovunjwa matawi huzaa kidogo misimu ifuatayo. Hapo haifai kuomba uchumaji wote usimame. Omba akatazwe kuvunja. Ombi dogo lililo sawasawa hupita mahali ambapo ombi kubwa hukwama.

Masharti yenyewe yamewekwa zamani. Mwaka 1969, katika shauri la Atilio na Mbowe, Jaji Mkuu Georges wa Mahakama Kuu ya Tanzania aliyataja matatu, na hadi leo mawakili huyasoma. Kwanza, pawepo na hoja ya kweli ya kuamuliwa, na dalili kwamba mdai aweza kushinda. Pili, bila zuio mdai apatwe na madhara yasiyofidika kabla haki yake haijathibitishwa. Tatu, taabu ya mdai akinyimwa zuio iwe kubwa kuliko taabu ya mdaiwa likitolewa. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Giella na Cassman Brown, ilisema maneno yaliyo karibu na hayo.

Sharti la kwanza lina mtego kwetu sisi. Hapa Zanzibar ardhi yaweza kuwa ya mmoja na mikarafuu iliyo juu yake ya mwingine. Basi hati ya ardhi peke yake haitoshi kila mara. Onyesha na haki yako katika miti.

Usikawie pia. Aliyeona misumeno mwezi wa kwanza akaenda mahkamani mwezi wa nne ataulizwa: kama madhara ni makubwa hivyo, ulikuwa umelala? Na asiende na uongo katika hati ya kiapo, wala asifiche jambo lililo dhidi yake, khasa anapoomba amri ya haraka kabla upande wa pili haujasikilizwa. Ikibainika, amri huweza kuondolewa. Huenda pia akatakiwa aahidi kulipa khasara ya mwenziwe ikiwa zuio litaonekana halikustahili. Naye aliyezuiwa akaendelea kukata anaivunja amri ya mahkama, na aweza kufungwa.

Mwenzetu yule alikwenda na ombi la miti peke yake, na misumeno ikasimama. Juu ya karafuu waliandikiana mbele ya sheha: zichumwe, ziuzwe, fedha zikae.

Mwenye jambo kama hili aje ofisini kabla wachumaji hawajapanda mitini. Aje na hati yake, hesabu ya mikarafuu mmoja mmoja iliyoshuhudiwa na sheha, na majina ya majirani wanaoijua mipaka.