Mjusi Anayechimba Apewe Udongo

Anayeingia kwenye duka la wanyama wa kufuga Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba kumtafutia mjusi chui kitu cha kutandika chini ya tenki lake la kioo hukuta rafu nzima ya mifuko: mchanga wa rangi, maganda ya jozi yaliyosagwa, maranda, mazulia ya plastiki. Akimuuliza mfugaji mzoefu, mara nyingi ataambiwa aiache yote na kutandika gazeti au vigae, kwa kuwa mchanga huziba utumbo na kuua. Onyo hilo lina msingi, na limeokoa mijusi wengi. Tatizo ni kwamba limezoeleka hadi watu wakaacha kuuliza ni mchanga gani, kwa mjusi yupi, na katika hali ipi. Mjusi mzima, mwenye afya, anayetunzwa kwenye joto linalofaa na ambaye kila usiku anakwangua pembe za tenki akitafuta pa kuchimba, hafaidiki na karatasi. Kinachomfaa ni udongo mgumu uliochanganywa na mchanga na kushindiliwa vizuri, na hofu ya kuziba utumbo ielekezwe mahali inapostahili.

Tuanze na kwao. Mjusi huyu, ambaye mtaalamu wa wanyama Edward Blyth alimpa jina la kisayansi mwaka 1854, ni mwenyeji wa Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Watu wengi wakisikia nchi kame hufikiria mara moja vilima vya mchanga mlaini unaopeperushwa na upepo. Huko siko aliko. Yeye huishi kwenye miteremko ya mawe na nyika kavu za majani machache, ambako ardhi ni udongo mfinyanzi uliokauka ukawa mgumu, umechanganyika na changarawe, na mchanga umejaa kwenye nyufa. Miguu yake inathibitisha hilo. Mjusi kafiri tunayemwona darini akiwinda wadudu kwenye taa ana vidole vyenye mikunjo inayonata ukutani; mjusi chui hana, ana kucha tu, na hutembea chini. Jamii yake, ya mijusi wenye kope zinazofumba na kufumbua, ina mwakilishi hata kwetu: katika nyika kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania yupo Holodactylus africanus, naye ni mchimbaji hodari.

Mchana kutwa mjusi chui hujificha kwenye nyufa za miamba na mashimo, hutoka jioni. Kule chini hakumfichi na adui tu. Sentimita chache ndani ya ardhi joto la mchana halifiki kwa ukali ule ule, na hewa huwa na unyevu ambao juu haupo, unyevu unaomsaidia kujibambua ngozi bila vipande kubaki vimekaza vidoleni. Jike naye hufukia mayai yake, mawili kwa kawaida, kwenye udongo wenye unyevu, na anaweza kutaga hata kama hajawahi kukutana na dume. Jike anayekosa mahali anapopaona panafaa anaweza kuyazuia mayai tumboni hadi akaugua. Kwa hiyo kuchimba si mchezo wa mjusi asiye na kazi.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Mjusi chui akimwona nyenje husimama, hukaza macho, ncha ya mkia ikaanza kutetemeka, halafu humrukia mdomo wazi. Akimkosa, au akimpata chini, chembe kadhaa za tandiko huingia mdomoni. Hilo haliepukiki, na huko porini hutokea usiku baada ya usiku. Mjusi mwenye maji ya kutosha mwilini, aliyepata joto, huzitoa chembe hizo pamoja na kinyesi. Lakini mjusi hana joto lake mwenyewe: utumbo wake hufanya kazi kwa kasi ya mahali alipolala. Akihitaji sehemu yenye nyuzi 32 hivi za Selsiasi naye akapewa 25 peke yake, chakula hukaa tumboni, maji hufyonzwa, na kilichokuwa laini hugeuka donge. Hapo hata maganda magumu ya wadudu yanaweza kumziba, na mijusi waliotandikiwa karatasi tupu nao wamewahi kuzibwa.

Baada ya baridi, sababu ya pili ya kuziba utumbo ni upungufu wa kalsiamu. Mjusi anayelishwa nyenje au funza wasiopakwa unga wa kalsiamu, na asiyepata vitamini D3 wala mwanga wa taa ya UVB, hupungukiwa madini hayo taratibu. Mifupa hulegea, misuli hudhoofika pamoja na ile inayosukuma chakula tumboni, na yeye huanza kulamba ardhi kwa makusudi. Hamu ya namna hiyo si ngeni kwetu: masokoni huuzwa vipande vya udongo wa kula kwa akina mama wajawazito, na wataalamu wa afya wameihusisha mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma. Ukimwona mjusi anakula mchanga kwa midomo mizima, kuuondoa mchanga kunaondoa hatari ya leo, na upungufu unabaki pale pale. Maduka yaliliona pengo hilo yakaleta mchanga uliotengenezwa kwa kalsiamu, yakidai akiumeza utayeyuka. Mimi nauhesabu kuwa tandiko baya kuliko yote yaliyoko rafuni. Ladha yake humvutia mjusi aliyepungukiwa aule zaidi. Kemikali yenyewe, kalsiamu kaboneti, ndiyo iliyomo kwenye tembe nyingi za kiungulia, maana yake hupunguza asidi ya tumbo inayotakiwa kuuyeyusha. Na ukilowa hugandamana.

Mengine yaliyobaki rafuni hayahitaji mjadala mrefu. Maganda ya jozi yana ncha kali. Maranda ya mwerezi na msonobari hutoa mafuta yenye harufu inayoudhi mapafu. Zulia hukamata kucha na kuficha uchafu. Mchanga mkavu mtupu nao, hata uwe safi namna gani, haushiki shimo: mjusi anachimba, unamporomokea, anaanza tena.

Mchanganyiko unaofaa hautaki utaalamu. Wafugaji wengi hutumia sehemu saba za udongo wa juu usio na mbolea, dawa wala zile chembe nyeupe za kulegeza udongo, kwa sehemu tatu za mchanga safi wa kuchezea watoto. Mchanga wa pwani usitumike, una chumvi. Lowanisha kidogo, kisha finya konzi moja mkononi. Ukifungua kiganja, donge libaki na alama za vidole. Ukilichoma kwa kidole, lipasuke vipande viwili vitatu. Likimomonyoka papo hapo, mchanga umezidi. Likinatia mkono, maji yamezidi. Mwaga kiasi cha sentimita tatu, shindilia kwa kipande cha ubao, mwaga tena, hadi ufikie sentimita 10 au zaidi. Acha siku kadhaa juu pakauke pawe pagumu. Ukigonga kwa kucha, pasitoke vumbi.

Kuna mambo mawili ambayo wanaohamia kwenye udongo husahau, na yote mawili ni hatari kuliko chembe za kumezwa. Mawe mazito na mapango yakae juu ya kioo chenyewe kabla udongo haujamwagwa, kwani mjusi atachimba chini yake na jiwe lililokalia udongo litamwangukia. Pia pedi ya joto inayobandikwa chini ya tenki haifai tena: udongo mnene hulizuia joto lisipande, likajikusanya kwenye kioo, na mjusi akichimba hadi huko anaweza kuungua. Joto litoke juu, kwa taa inayodhibitiwa na themostati.

Watakaopinga wana hoja. Wapo wanaosema karatasi ndiyo salama kuliko vyote, na kwa mijusi fulani wamesema kweli. Mgeni aliyeletwa juzi, ambaye kinyesi chake kinahitaji kuchunguzwa minyoo, akae kwenye karatasi. Mtoto ambaye bado hana shabaha, mgonjwa, aliyekonda mkia, wote wakae huko hadi wapate nguvu. Karatasi ni wodi nzuri, ila mjusi huyu anaweza kuishi miaka 15 hadi 20, na sioni kwa nini mwenye afya alazwe wodini muda wote huo.

Wengine watasema mijusi chungu nzima wamezeeka juu ya vigae bila shida, tena wamezaliwa kwenye matenki kwa vizazi vingi, hawajui Pakistan wala udongo wake. Ni kweli vigae havijawadhuru. Lakini kuzaliwa kwenye tenki hakujawafuta tabia: jike aliyeangulika ndani ya kasha la plastiki hutafuta pa kufukia mayai, na anayekwangua kioo kila usiku hakufundishwa na mtu. Kukwangua huko, ni haki kusema, kunaweza pia kutokana na joto lisilofaa au tenki dogo, kwa hiyo hayo yapimwe kwanza. Anayeogopa kujaza tenki zima anaweza kubakiza vigae na kuweka beseni pana la mchanganyiko ule ule upande mmoja. Mjusi mwenyewe ataonyesha kama alikuwa akiuhitaji. Kuhusu usafi, mjusi chui huchagua pembe moja ya choo na kuirudia, hivyo huchotwa kijiko kimoja kila siku badala ya kubadilisha tandiko lote. Funza nao walishwe kwenye kibakuli, na chembe zinazomezwa zitapungua sana.

Hata hivyo, hakuna tandiko linaloondoa wajibu wa kutazama. Mjusi aliyeacha kula, aliyepitisha siku nyingi bila kinyesi, anayejikamua pasipo kutoa kitu, au ambaye tumbo limevimba na miguu ya nyuma imelegea, apelekwe kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia apigwe picha ya eksirei, na asinyweshwe mafuta nyumbani kwa kubahatisha. Mpelekee daktari konzi ya lile tandiko, sawa, lakini mwandikie pia joto la pande zote mbili za tenki lilivyokuwa wiki hiyo, na umbebee kopo la unga wa kalsiamu unaoutumia.