Kutoa Sababu katika Barua ya Kiingereza

Vikundi vyetu vingi huandikia maofisi na wafadhili kwa Kiingereza. Mara nyingi sababu tunazo, lakini hatuzielezi sawasawa. Mwaka mmoja sisi wenyewe tuliomba tangi tukaandika: "We have no water because we need a tank." Jibu lililorudi lilikuwa swali: Ati mnakosa maji kwa sababu mnahitaji tangi? Tulikuwa tumegeuza mambo juu chini. Tukaandika upya, na msimu wa mvua ukapita hivyo hivyo bila tangi.

Basi tukumbuke mambo haya manne:

1. "Because" ni "kwa sababu". Kinachofuata neno hili ni chanzo, si matokeo: "We need a tank because our stream dries up." Ukitaka kutanguliza chanzo, tumia "so", yaani "kwa hivyo": "Our stream dries up, so we need a tank."

2. Usiweke yote mawili pamoja. "Because our stream dries up, so we need a tank" ni kosa. Neno moja latosha.

3. "Because of" ni "kwa sababu ya". Hapa Kiswahili chatusaidia. Twasema "kwa sababu mvua haikunyesha", lakini "kwa sababu ya ukame". Kiingereza ni vivyo hivyo: "because the rains failed", lakini "because of drought". Penye "ya", weka "of".

4. "Since" ina maana mbili: "tangu" na "kwa kuwa". Ukiandika "Since the treasurer left, we have not met," msomaji hajui kama hamjakutana tangu mweka hazina aondoke, au hamkutani kwa kuwa aliondoka. Katika mambo ya pesa, shaka kama hiyo yaweza kuharibu ombi zima. Ikiwa unatoa sababu, andika "because".

Kabla ya kutuma barua, katibu aisome mbele ya kikundi na kuitafsiri sentensi moja moja. Hata mama asiyejua Kiingereza atasikia mara moja kama sababu imekaa mahali pake. Akiuliza, "Hiyo inakuwaje?", msimkatize. Heri aulize yeye leo kuliko ofisi iulize baada ya miezi mitatu.